UZI: Kenge wa kufuga nyumbani – udongo wa kuchimba na chakula chake

#1 kichuguu_kibichi

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu nawaandikia hasa ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya wanaofuga kenge kihalali, au wanaokaribia kununua. Maswali yananijia PM kila mara, na kwa kuwa majibu ni yaleyale, bora yakae hadharani.

Nazungumzia kenge wa savana, Varanus exanthematicus, yule wa Afrika Magharibi na ukanda wa Saheli. Huku Marekani ndiye anayepatikana kwa urahisi kuliko kenge wengine wote, kwa sababu wanaletwa kwa wingi wakiwa wadogo kutoka Ghana, Togo na Benin. Msimchanganye na kenge wa majini wa kwetu Rufiji, wala na yule mkubwa wa nchi kavu, mwenye koo jeupe, anayekaa kwenye mapori ya Tanzania na Kenya. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, sawa, lakini kenge nao wana aina zao na kila aina ina mahitaji yake.

Mnyama huyu anakufa mapema sana mikononi mwa watu, na inaniuma. Anauzwa akiwa na urefu wa kiganja, anawekwa kwenye tanki la kioo lenye kifuniko cha wavu, chini kuna vipande vya magome au gazeti, juu kuna taa moja. Anapewa panya. Anakua haraka, mwenye mnyama anafurahi, halafu mwaka wa pili au wa tatu anaanza kukataa kula, miguu inavimba, analala tu. Daktari akimpima anakuta figo zimeharibika.

Chanzo kikubwa ni ukavu. Kenge hatoi mkojo wa maji kama sisi. Taka za protini anazitoa kama asidi ya yuriki, ule uji mweupe unaotoka pamoja na kinyesi. Mwili ukikosa maji, asidi ile inaganda ndani: kwenye figo, kwenye maungio, hata kuzunguka moyo. Ni jongo lilelile linalowapata binadamu. Unaweza kumwekea beseni kubwa la maji na bado akakauka, kwa sababu maji mengi anayapoteza kwa kupumua hewa kavu ya moto masaa yote ya siku.

Porini analitatua hilo kwa shimo. Juu ya ardhi ya Ghana wakati wa kiangazi hewa inachoma, lakini ndani ya shimo kuna ubaridi na unyevu, na humo ndimo anamoshinda sehemu kubwa ya maisha yake. Waliokulia kijijini wamewahi kumwona kenge akitokomea kichuguuni. Jike la kenge wa majini hufanya zaidi ya hapo: mvua zikishalainisha kichuguu anakipasua, anataga mayai ndani, mchwa wanaziba ule ufa, na mayai yanabaki kwenye joto na unyevu usiobadilika sana mpaka yanapoanguliwa. Hawa wanyama wanaujua udongo kwa namna ambayo tanki la kioo haliwezi kuiga.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza taa gani au vitamini gani, niambie udongo wako una kina gani.

Kwa kenge wa savana aliyekomaa, mwenye urefu wa mita moja hivi, mimi sishuki chini ya sentimita 60. Kwa mtoto unaweza kuanza na 30, lakini jenga banda ukijua utaongeza. Kina kifupi kinamfanya achimbe hadi sakafu, akae juu ya plastiki, na shimo libomoke. Kinachotafutwa ni tabaka: juu pakavu, katikati pana unyevu, chini pabichi kabisa. Hapo kenge anachagua mwenyewe.

Aina ya udongo. Mnakumbuka shule ya msingi tulifundishwa kichanga, mfinyanzi na tifutifu? Hapa tunatafuta tifutifu unaoelekea kichanga. Mchanga mtupu hausimamishi shimo. Mfinyanzi mtupu ukikauka unakuwa tofali na kucha haziingii. Wengi huchanganya udongo wa bustani usiotiwa mbolea, sehemu 6, na mchanga wa kuchezea watoto, sehemu 4. Huo ni mwanzo tu, maana mifuko ya dukani haifanani. Chukua chupa ya kioo, weka udongo nusu, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu, na utaona kwa macho una nini.

Kipimo cha mwisho ni mkono. Lowesha mchanganyiko, ukamate, ufinyange kama tonge la ugali. Ukifungua kiganja tonge libaki zima bila maji kuchuruzika, na ukilibonyeza kwa kidole lipasuke vipande. Likimomonyoka, ongeza mfinyanzi au maji. Likibonyea bila kupasuka, ongeza mchanga.

Msitumie: udongo wa vyungu wenye mbolea na vile vipunje vyeupe vyepesi, maranda ya mbao (ya mwerezi ni mabaya zaidi kwa sababu ya mafuta yake), changarawe, wala ule mchanga wa rangi unaouzwa kwamba ni kalsiamu. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa kuchanganywa kidogo. Yakiwa peke yake yanakauka na kuwa vumbi, na hayashiki shimo hata kidogo.

Chakula nakuja nacho. Karibuni.

#2 Fundi_Mbao

Mkuu umeongea vizuri ila kuna jambo umeliruka: uzito. Mimi najenga makabati na nimeshaombwa kutengeneza banda la kenge. Sentimita 60 za udongo mbichi ndani ya sebule ya ghorofani? Na mbao si zitaoza?

#3 kichuguu_kibichi

Fundi, asante, hilo lazima lisemwe kwa sauti.

Banda la kenge mzima ni urefu wa mita 2.4 kwa upana wa 1.2, au zaidi. Ukijaza kina cha sentimita 60 unapata mita za ujazo 1.7 hivi. Udongo wenye unyevu unafika tani 1.5 kwa mita ya ujazo na hata kupita. Piga hesabu: ni zaidi ya tani 2.5, yaani kilo 900 kwenye kila mita ya mraba. Sakafu za vyumba vya kuishi kwa kawaida zinasanifiwa kubeba kilo 200 hivi kwa mita ya mraba. Kwa hiyo ghorofani haiwezekani. Banda hili linakaa juu ya zege lililolala ardhini: chumba cha chini ya nyumba, gereji yenye joto, au kibanda cha nje kilichozibwa vizuri. Langu liko chumba cha chini.

Anayeishi kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, namshauri atafute kenge mdogo wa Australia, Varanus acanthurus, wanayemwita ackie. Hafiki mita moja, wengi ni sentimita 60 na kidogo mkia ukiwemo, na banda lake ni dogo. Australia haitoi wanyama wake kwa biashara, kwa hiyo hawa wa madukani wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, hawaji na minyoo na kupe wa porini. Udongo anauhitaji pia, sentimita 30 na zaidi. Na hata huo upigie hesabu ya uzito kabla hujajaza.

Kuhusu kuoza: plaiwudi ya milimita 18, ndani unatandika mpira wa mabwawa ya samaki, kipande kimoja kinachopanda hadi juu ya usawa wa udongo. Weka na mikanda ya mbao kwa nje, maana udongo mbichi unasukuma kuta mpaka zinatuna. Wengine wanatumia hori la bati la kunyweshea ng'ombe kama sehemu ya chini, lina kina cha sentimita 60 tayari, halafu wanajenga boksi juu yake. Ni njia nzuri sana na haivuji.

Kifuniko kiwe mbao, kisiwe wavu. Wavu unatoa unyevu wote nje, na huku majira ya baridi hewa ya hita imekauka vibaya.

#4 MamaWawili

Kaka naomba kuuliza. Udongo ukiwa mbichi hivyo si utaota ukungu na kunuka? Na nimesoma hawa ni wanyama wa nyika kavu, unyevu utawaletea magonjwa ya mapafu.

#5 kichuguu_kibichi

Dada, unyevu unaoleta maradhi ni ule wenye baridi. Banda likiwa na joto sahihi, udongo mbichi hauna shida. Sehemu ya kuota jua uso wake ufike nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi (pima uso wenyewe kwa kipimajoto cha infraredi, usipime hewa). Upande wa ubaridi ubaki 25 hivi. Taa moja kubwa inachoma mgongo sehemu moja tu. Weka halojeni mbili au tatu za watt ndogo zikikaa pamoja, ili joto limfunike kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Hiyo habari ya "nyika kavu" ndiyo iliyoua wengi. Nyika ni kavu juu. Chini ya ardhi mambo ni mengine.

Kunuka: weka viumbe ndani ya udongo. Wale vidudu wa kijivu wanaojikunja kuwa duara, wanaokaa chini ya magogo yaliyooza, pamoja na nyungunyungu. Wanakula kinyesi na mabaki, na kenge naye anawala wao. Ukiona kinyesi juu, kitoe. Udongo wenyewe hubadilishi wote. Unachimbua sehemu zilizoshikana, unaongeza mpya, basi. Safu ya majani makavu ya mwaloni juu inasaidia kuzuia maji yasipotee, na kenge anapenda kupekua humo.

Maji usipulizie kwa chupa ya dawa. Yanalowesha juu tu. Mwaga ndoo polepole kwenye kona, au simika bomba la plastiki linalofika chini na umwagie humo, ili tabaka la chini ndilo liwe bichi na unyevu upande wenyewe.

Ukitaka kujua kama umefaulu, mtazame anavyochimba. Wa kwangu anaanza kwa ulimi, anagusagusa sehemu kadhaa. Kisha mkono wa kulia unafukua mara nne au tano, anahamia wa kushoto, na udongo anausukumia nyuma hadi anapotea mabegani. Akitoka kinyumenyume, pua imefunikwa udongo mweusi na juu ya mgongo vumbi ni jeupe. Ukiingiza mkono kwenye mdomo wa shimo unahisi ubaridi unaanza kabla hujafika kiwiko. Siku ya kwanza kuona hivyo nilikaa chini nikamwangalia tu, kazi nyingine zikasubiri.

#6 Bahari_Hindi

Mimi nipo Texas, nina kenge wa savana mwaka wa tatu huu, namlisha panya tu, wawili kwa wiki, na ni mnene ana afya. Panya mzima ana mifupa, ana kalsiamu, ana kila kitu. Hizo habari za wadudu ni usumbufu na gharama. Tusitishane.

#7 kichuguu_kibichi

Mkuu, sikutishi, na heshima yako naitunza. Kuhusu kalsiamu ya panya mzima uko sahihi. Lakini neno "mnene" ndilo linalonitia wasiwasi.

Daniel Bennett alifanya utafiti juu ya kenge hawa kwenye uwanda wa pwani ya Ghana. Wadogo aliowakuta walikuwa wakila kwa wingi nyenje na jamii ya panzi, na wengi waliishi ndani ya mashimo yaliyochimbwa na nyenje wakubwa wenyewe. Nyumba na chakula mahali pamoja. Panya hakuwa mlo wao.

Halafu mfungue mdomo kenge mzima (au muulize daktari wako amfungue). Meno ya mbele ni makali, ya nyuma yamekuwa butu na mapana. Meno ya namna hiyo ni ya kuponda konokono, jongoo na mbawakawa wenye magamba magumu. Anayeishi kwa panya na ndege hahitaji meno butu.

Porini wanakula sana wakati wa mvua, wadudu wakiwa tele, wanahifadhi mafuta, kisha kiangazi wanaishi kwa akiba hiyo na kula kidogo mno. Bandani mvua haikomi: panya wanakuja wiki baada ya wiki, na hakuna kilomita za kutembea. Mafuta yanajaa tumboni na kwenye ini. Mwangalie mkuu: akitembea tumbo linagusa chini? Mwanzo wa mkia umevimba kuliko nyonga? Uji mweupe wa kinyesi bado ni laini, au umekuwa wa njano na mgumu kama chaki? Kama ni mgumu, maji yamepungua mwilini na ningempeleka kupima damu mapema.

Mimi nalisha hivi. Msingi ni mende wa dubia (aina ya mende wanaofugwa kuwa chakula cha mijusi), nyenje, nyungunyungu na konokono. Mabuu ya nzi askari mweusi, hawa ambao wafugaji wa kuku Tanzania na Kenya wanawajua siku hizi, ni wazuri mno kwa sababu ni miongoni mwa wadudu wachache wenye kalsiamu nyingi kuliko fosforasi. Nyenje na mende wako kinyume: fosforasi ni mara kadhaa ya kalsiamu, na ukimlisha hao bila nyongeza mifupa inalainika, taya linapinda. Kwa hiyo nawapaka unga wa kalsiamu kabla ya kuwatupa bandani, na wenyewe wadudu nawalisha mboga na karoti siku moja au mbili kabla.

Kamba wadogo wenye maganda mara mojamoja. Yai, au panya mchanga asiye na manyoya, ni kitu cha pembeni. Jike aliyetoka kutaga nampa zaidi kidogo. Mtoto anakula kila siku, wadudu wasiozidi ukubwa wa kichwa chake. Mtu mzima mara tatu au nne kwa wiki.

Najua gharama ya mende inauma. Anzisha boksi la mende wako mwenyewe: trei za mayai, joto la nyuzi 30, maganda ya mboga. Dubia hapandi plastiki laini wala harukiruki. Baada ya miezi kadhaa gharama inashuka sana.

Na umwachie wadudu kwenye udongo awatafute. Kenge anayefukua konokono kwa dakika kumi amefanya mazoezi ambayo panya wa kwenye koleo hampi.

#8 Bahari_Hindi

Nimekuelewa mkuu. Tumbo linagusa kweli. Nampunguzaje sasa, nimnyime chakula?

#9 kichuguu_kibichi

Usimkatishe ghafla. Mnyama mnene akifungishwa, mafuta yanakimbilia kwenye ini. Ondoa panya, weka wadudu kiasi kidogo mara tatu kwa wiki, ongeza joto la kuota jua, ongeza udongo. Mwanzoni anaweza kugoma wadudu kwa sababu amezoea panya. Sugua mende kwenye yai bichi kidogo, atakubali. Kisha tafuta daktari anayejua reptilia, apime asidi ya yuriki kwenye damu.

Nyongeza kwa wote wa Marekani: msikamate vimulimuli mkamlishe. Vina sumu, na mijusi wa kufugwa wameshakufa kwa kula hata kimoja. Wadudu wa mashamba yaliyopuliziwa dawa pia hapana, na konokono wa kuokota bustanini wana minyoo. Tafuta wa kufugwa.

#10 MamaWawili

Kaka, wa kwangu ni jike. Wiki hizi amegoma kula na anachimbachimba kona zote usiku na mchana, udongo wangu ni sentimita 20. Hajawahi kukutana na dume.

#11 kichuguu_kibichi

Dada, inawezekana ana mayai. Jike hutengeneza mayai hata bila dume, na anapokosa mahali anapopaamini anayazuia. Yakikwama tumboni yanaoza na kumuua. Fanya mambo mawili leo: piga simu kwa daktari aombe eksirei, na wakati unasubiri jaza udongo upande mmoja wa banda hadi juu kabisa unavyoweza, mbichi kiasi cha tonge, wenye joto la nyuzi 29 hivi kule chini. Kisha mwache, usimfunuefunue. Wengine wanataga usiku uleule wakipata udongo wa kutosha. Akizubaa na kulegea, usisubiri udongo, nenda kwa daktari moja kwa moja.

#12 Mjukuu wa Kilosa

Huku kwetu wapo wanaingia bandani kula mayai ya kuku. Nikimkamata mmoja nikamfugia kwenye udongo wa kichuguu si nitakuwa nimepata bure?

#13 kichuguu_kibichi

Ndugu yangu, mwache. Tanzania kenge ni mnyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kumkamata na kumweka bila kibali ni kosa. Kenya nako ni hivyo, sheria yao ni ya 2013. Na wa porini aliyekomaa hazoei, anajigonga kuta mpaka pua inachubuka. Kwa kuku, ziba matundu ya banda kwa wavu wa matundu madogo na okota mayai mapema jioni. Hapo hana cha kumleta.

#14 Mswahili wa Maskati

Assalaam aleikum. Sie huku Oman tuna waral wa jangwani, watoto wanawakamata wakati wa joto. Udongo wake huwaje?

#15 kichuguu_kibichi

Waaleikum salaam. Huyo ni Varanus griseus, yumo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyamapori na mimea), daraja la ulinzi mkali kuliko hao wengine. Watoto waambieni wamwache aende zake. Naye anachimba mashimo marefu mchangani, na miezi ya baridi analala humo.

Na kwa wenye watoto wadogo majumbani: kenge hubeba salmonela hata akiwa mzima kabisa. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa yeye au udongo wake, beseni lake lisioshewe kwenye sinki la jikoni, na mtoto wa chini ya miaka 5 asimshike kabisa.

#16 MamaWawili

Mrejesho: eksirei imeonyesha mayai. Nimejaza kona moja mpaka sentimita 55, ameingia tangu alfajiri na hajatoka. Daktari amesema nimpe hadi kesho kutwa. Nimwekee chakula?

#17 kichuguu_kibichi

Weka maji tu, karibu na mdomo wa shimo. Akitoka amenywea ubavuni na ana udongo kichwani, ujue ametaga. Hapo mpe konokono na mabuu yenye unga wa kalsiamu, kidogokidogo, na siku inayofuata yai moja lililovunjwa. Shimo litafute taratibu kwa mkono, uyatoe mayai yasije kuozea ndani, kisha uturudie hapa utuambie ni mangapi.